Karatasi ya Kwenda Kisangani

Pale Pinga, ukishavuka daraja na kupanda kidogo kuelekea soko, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili mbele ya kibanda cha Mama Estelle. Estelle huuza kahawa ya tangawizi tangu umande haujakauka mpaka termosi zake mbili zikauke, na kahawa ikiisha watu husimama wakaenda zao, hata kama neno limefika katikati ya ulimi. Wanaokaa pale hawaitwi kwa majina ya ubatizo. Yuko Ministre, aliyekuwa karani katika ofisi iliyofungwa, na koti la kazi bado hajalivua. Yuko Kilo, aliyekuwa akinunua mazao kwa mizani, na sasa mizani anayo lakini cha kupima hana. Yuko Rezo, ambaye kila siku hupanda kilima kutafuta mtandao wa simu, akashuka na habari, nyingine za kweli. Na yuko Rabo, yaani randa, seremala ambaye jina lake hasa ni Athanase, aliyeuchonga ubao ule wanaoukalia. Haya yalimpata Rabo.

Jumatatu moja, mvua ya usiku ikidondoka bado kutoka kwenye bati, Rabo alikuja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua juu ya goti, akasema anahama. Anakwenda Kisangani, yeye na mke wake Généreuse na watoto wao watatu, naye anaomba wenzake waitazame hesabu kama haina kasoro. Walipomuuliza sababu, alisema ni masomo. Binti yake mkubwa, Laetitia, amepoteza miaka miwili kwa kuwa madarasa ya shule yao yamejaa watu waliokimbia vita. Ilikuwa sababu nzuri, tena ya kweli, na hakuna aliyetafuta nyingine.

Hawakushangaa sana. Mtu wa Pinga ambaye hajawahi kuhama kichwani mwake, labda ni yule aliyezaliwa jana.

Hesabu alikuwa ameitaja Généreuse, Rabo akaandika tu. Pikipiki mbili mpaka Walikale, siku mbili njiani kama matope yatakubali, dola mia moja na kumi. Bariere, yaani zile kamba zinazofungwa katikati ya njia na watu wenye bunduki, arobaini. Nafasi juu ya kamio, lori la mizigo, kutoka Walikale mpaka Kisangani, wao watano na sanduku la vyombo vya useremala, mia moja na ishirini. Chumba kimoja pamoja na garanti, ile pesa anayoidai mwenye nyumba kabla hujaingiza hata sufuria, tisini. Chakula na dawa, sitini. Mwezi wa kwanza bila kazi, themanini. Jumla, mia tano. Na baada ya kuuza kitanda chao na sehemu kubwa ya mbao za akiba, Rabo alikuwa na mia mbili na kumi.

— Nyumba na parsele yenye inasimama juu yake nauzisha mia tatu, alisema. Nikipata muntu wa kununua, nimeenda.

Ministre alivaa miwani, akaisoma karatasi tangu juu mpaka chini kama barua ya kumfukuza mtu kazi.

— Imprévu iko wapi?

— Njo nini ile?

— Kitu chenye haujajua. Kila bajeti iko nayo. Unaweka kumi ku mia.

— Sasa kama sikijui, nitaandika nini?

— Unaandika imprévu.

Kilo akasema kwamba kwa njia ile imprévu ndiyo safari yenyewe, na hayo mengine yote ndiyo ya kuwekwa kumi ku mia. Wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Tangu siku ile ubao haukuwa na habari nyingine. Ministre alianza kwa kusema kwamba msafiri bila karatasi ni mzigo uliopotea, hivyo Rabo atafute barua ya chefu wa mtaa, na ya parokia, na ya mahali anapokwenda. Keshoye zikawa barua tano. Keshokutwa akawa ameona njia bora zaidi: Rabo asisafiri kama mtu, asafiri kama ujumbe rasmi. Généreuse awe katibu, watoto wawe washauri, na kila mmoja ashike karatasi yenye muhuri. Kwenye kamba watapigiwa saluti. Kuhusu muhuri alisema asiulizwe, na mkono wake ukagusa mfuko wa koti.

— Halafu futa pesa ya sanduku la vyombo, aliongeza. Wazee walisema, mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Kule Kisangani watakupa jembe bure.

— Ile mezali haiko vile, akasema Kilo. Jembe banakupa juu ulime, njo wamechoka na weye.

— Lakini jembe umeipata ao haujaipata?

Kilo yeye alikwenda kwa uzito. Alitaka watoto wale kidogo wiki mbili kabla ya safari, kwa sababu wenye kamio hutazama mizigo kwa macho na mtoto mwembamba hupita kama kifurushi. Baadaye akasema wabebe maharagwe. Kwa mifuko mitatu ya maharagwe ya Masisi, kwa bei ya Kisangani, watafika wakiwa na pesa nyingi kuliko walivyoondoka, na kwa mifuko kumi watanunua nyumba. Rabo alipomuuliza mifuko hiyo kumi itabebwa na nani, Kilo alifikiri mpaka kahawa ikapoa kikombeni, kisha akasema: mto. Watengeneze chelezo cha mbao, fundi si yuko, wateremke na maji mpaka mto Lowa, na Lowa iwafikishe kwenye mto mkubwa.

— Maji haina bariere, alisema.

— Iko na maporomoko, akasema Estelle akimimina.

Rezo alisikiliza yote hayo kwa huruma, kama mtu anayewasikia watoto. Juu ya kilima alikuwa ameambiwa kwamba ndege ndogo zinazoleta bidhaa Walikale hurudi hewani zikiwa nyepesi, na kwamba wepesi huo ni hatari, ndege hupeperuka. Piloti mwenye akili hutafuta watu wa kumtulizia ndege.

— Piloti naye ni muntu, alisema Rezo. Anakulaka kuku. Mumpelekee kuku mbili, mutakuwa Kisangani mbele ya jua kuzama. Na ununue dawa ya maumivu, juu asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Rabo aliyaandika kidogo upande wa nyuma wa karatasi, si kwa kuwa aliyaamini. Aliona kwamba wakati wale wanabishana, barabara huwa fupi. Kuanzia kahawa ya kwanza mpaka ya mwisho alikuwa tayari Lubutu, katikati ya njia, au juu ya kamio, au kwenye chumba chenye dirisha mahali fulani ambapo mtu hununua meza ili kulia chakula. Halafu Estelle alifunga termosi, naye akajikuta Pinga.

Lakini katika wiki ya tatu aliona mambo mengine. Kilo alimuuliza, kama kwa kupita, pikipiki ni bei gani kwa mtu mmoja asiye na mzigo. Rezo alitaka kujua kama makamio hutembea Jumapili. Na siku moja, karatasi ikiwa mkononi mwa Ministre, Rabo alimwona anainakili pole pole kwenye karatasi nyingine, mstari kwa mstari, ila pale palipoandikwa watu watano yeye ameandika wanane. Rabo aligeuza uso akatazama daraja. Alielewa kwamba hakuwa anapangiwa safari. Walikuwa wote wamepanda juu ya karatasi yake, kila mmoja na watu wake, na karatasi ilikuwa moja.

Mnunuzi hakutokea. Mwenye pesa hanunui nyumba Pinga, hujenga kwingine, na asiye na pesa yuko shuleni amelala darasani kwa kina Laetitia. Généreuse alikuwa amekwisha kufunga vitu katika vitenge viwili, wakawa wanafungua kila asubuhi kutoa sufuria na kufunga tena. Motari, mwendesha pikipiki waliyepatana naye, alituma neno: Jumamosi hii au watafute mwingine, maana njia ya upande ule imeanza kusemwasemwa. Huko kusemwasemwa kila mtu alijua maana yake.

Alhamisi, kahawa ikiwa karibu kuisha, Estelle aliwaletea mama mmoja aliyekuwa akiuliza sokoni.

— Huyu anatafuta papa mwenye anauzisha nyumba, alisema.

Mama yule alisalimu kwa mikono miwili, mmoja mmoja, akaambiwa akae. Aliitwa Verdiane. Alitoka katika milima ya Masisi, ambako mababu wa mababu wa mume wake walilima, naye alilima palepale mpaka mwaka jana. Mume wake hakumtaja, nao hawakuuliza. Watoto wake wanne walikuwa wakilala tangu Jumanne chini ya viti vya kanisa. Alikuwa ameuza ng'ombe na ndama wake kwa mtu aliyejua kwamba muuzaji hana siku ya pili ya kungoja, na katika pesa ile alibakiwa na dola mia mbili na sitini. Alisema mapema kwamba ndizo zote, ili wasipoteze muda wa kubishana.

Ministre, kwa mazoea ya kazi, au kwa heshima, akamuuliza jambo.

— Mama, ninyi safari mulipanga aje? Bajeti yenu ilikuwa ngapi?

— Bajeti?

— Hesabu. Mbele ya kutoka.

Verdiane alimtazama ili aone kama anadhihakiwa. Alipoona sivyo, akajibu.

— Tulikuwa tunahesabu batoto, alisema. Asubuyi, na magaribi tena.

Ministre alivua miwani akaitia mfukoni. Estelle alimpa mgeni kikombe, akakataa kwa mkono pesa aliyotaka kutoa. Verdiane alikunywa nusu, akakiweka kikombe juu ya goti, akamgeukia Rabo.

— Papa, nyumba nitaenda kuiona. Lakini mbele ya ile, niulize kitu moja tu. Hapa, usiku, munalalaka?

Rabo alifungua mdomo. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mia mbili na sitini zilikuwa hatua moja kutoka kwake, na Généreuse nyumbani alikuwa ameketi juu ya vifurushi. Ilikuwa rahisi pia kusema hapana, neno moja tu, na mama huyu angenyanyuka na kuwapeleka watoto wake mbele, kama mbele iko. Alikumbuka jambo ambalo hakuwa ameliandika juu ya karatasi wala kulitaja ubaoni. Mwezi wa tatu, risasi iliyotoka asikojua ilipita katika ukuta wa mbao wa chumba cha watoto, upana wa kiganja juu ya kichwa cha Laetitia, ikatokea upande wa pili. Kesho yake alibadilisha mbao mbili, akazipiga randa, akazipaka mafuta machafu ya motokari zifanane na za zamani. Ni kazi nzuri. Hata fundi mwenzake asingeiona. Tangu siku hiyo watoto hawakulala tena mahali palipoinuka kutoka ardhini.

Akawatazama wenzake wamsaidie. Ministre, mwenye neno kwa kila jambo, alikuwa anatazama viatu vyake. Kilo alitazama vyake. Rezo naye. Hapo Rabo alitambua jambo ambalo hawakuwa wameambiana kwa miaka yote ya kukaa pamoja: wote watatu, kama yeye, walikuwa wanalala na viatu miguuni.

Huko sokoni mtu alikuwa anapigilia msumari.

— Bati ya jikoni inavuja, alisema Rabo mwishoni.

— Kuvuja si kitu, alisema Verdiane.

Alimaliza kahawa yake. Hakuonekana kukasirika wala kukata tamaa. Alionekana kama mtu aliyepima kitambaa akakuta urefu ni ule aliokisia.

— Kila fasi nilipita niliuliza vile vile, alisema. Kote balisema, Mama, kaa, hapa ni salama. Mara tatu nimekaa, mara tatu nimekimbia. Ninyi njo ba kwanza kunyamaza. Basi nitanunua kwenu. Batoto bamechoka, siwezi kuwatembeza tena.

Walikwenda kuiona nyumba, akaizunguka mara moja, akasema sawa. Ministre aliandika karatasi ya mauzo kwa mwandiko wake wa ofisini, Kilo na Rezo wakatia sahihi kama mashahidi, pesa zikapita kutoka mkono hadi mkono. Hakuna aliyetoa methali. Rabo alihesabu kwa macho tu: mia mbili na kumi, na mia mbili na sitini. Zilipungua thelathini. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mbao zilizobaki, kumi na mbili, safi, na mwenye duka mmoja alikuwa amekwisha kusema atazichukua kwa thelathini. Kwa hiyo hesabu ilikuwa imefungwa.

Jioni alimweleza Généreuse yote, na swali lile, na jinsi alivyojibu habari ya bati. Généreuse alikuwa anachambua mchele katika ungo. Hakumlaumu. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, akauliza:

— Batoto yake ni wangapi?

— Bane.

— Banalala wapi wote wane?

Rabo alitazama mlango wa chumba cha watoto. Chumba kilikuwa ni kile kile kimoja, chenye ukuta ule.

Ijumaa hakwenda ubaoni. Alichukua mbao zake kumi na mbili, akazigongomea ndani ya chumba cha watoto, mkabala na ukuta wa zamani, akiacha nafasi ya kiganja na nusu katikati. Hazikutosha kufika juu. Alipima: zilifika kimo cha mtoto aliyeketi, na kwa aliyelala zilizidi. Kisha akashika beseni kwenda mtoni kuchota changarawe ya kujaza ile nafasi. Alikuwa katika safari ya tatu alipomkuta Kilo njiani, naye ana beseni. Kilo hakuuliza ni za nini. Baadaye alikuja Rezo, na kabla ya mchana Ministre, ambaye alikuwa ametundika koti lake mahali, na Rabo alikuwa hajawahi kumwona bila koti. Walibeba changarawe mpaka jua likageuka, hawana mazungumzo, isipokuwa kuambiana wapi pana utelezi. Nafasi ilipojaa, Rabo aliziba juu kwa ubao mwembamba, akaupiga randa.

Jumamosi asubuhi pikipiki mbili zilikuwa mlangoni zimewashwa. Vifurushi vilifungwa, sanduku la vyombo likafungwa juu yavyo. Généreuse alikuwa amepunguza mstari wa chakula kwa dola thelathini, akasema watakula wakifika. Laetitia alimshika mdogo wake mbele yake. Verdiane alifika kutoka kanisani na wanne wake kwa mstari, mkubwa amebeba mkeka, akaingia ndani na Rabo ili apewe funguo.

Katika chumba cha watoto alisimama. Alitazama mbao mpya, akatazama mahali zilipoishia, akamtazama Rabo.

— Alhamisi hii haikukuwa.

— Hapana.

— Mbao mara mbili, ya nini?

— Juu ya baridi, alisema Rabo.

Pinga si Masisi. Hapa chini msituni hakuna baridi, na Verdiane, aliyetoka kwenye milima yenye baridi ya kweli, alikuwa na jasho shingoni tangu siku aliyofika. Alinyoosha mkono akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Haukulia kama mbao. Akagonga chini zaidi, usawa wa goti, akasikiliza.

Nje motari alipiga honi. Rabo aliziweka funguo juu ya ubao ule mwembamba, kwa sababu hakuweza kuzitia mkononi mwa mtu.

Verdiane alichukua mkeka kwa mtoto wake mkubwa, akautandika chini kabisa, akausukuma kwa mguu mpaka ukagusa ukuta.